Baragumu la Nne

Asubuhi ya siku ya sita Atupele Mwasongwe alivua viatu nje ya ghala, akavua na bangili, akatoa funguo mfukoni na kuzilaza kwenye beseni lililotandikwa blanketi ili zisilie. Muuguzi wa zamu akampapasa mifukoni kama askari jela anayempekua mgeni, akampa soksi nzito za sufu, kisha akamfunulia pazia la kwanza. Mapazia yalikuwa matatu, yote ya magodoro yaliyoshonwa pamoja. Ukishapita la tatu unasikia damu yako mwenyewe ikitembea.

Zamani mahali hapo palikuwa ghala la mpunga la Skimu ya Lwafyo. Sasa kuta zake zilizungushiwa magunia ya pumba, tabaka nne, kutoka sakafuni mpaka kwenye paa, na watu walikuwa wameshaacha kupaita ghalani. Walipaita Pumbani. "Shemeji yako bado yuko Pumbani?" "Yuko Pumbani, leo siku ya sita." Na waliposema hivyo walishusha sauti, hata kama walikuwa shambani, mbali kabisa na hapo.

Vitanda vilikuwa vitano. Wagonjwa walilala chali, kila mmoja na pamba masikioni na kishikwambi kifuani cha kuandikia, maana walikatazwa kusema. Sauti ya mtu hupita kwenye mfupa wa taya ikafika ndani ya sikio bila kubisha hodi. Siku ya tatu muuguzi mmoja alipiga chafya humo ndani, akaondolewa zamu huku analia.

Atupele alikuja kila asubuhi kuwanywesha uji kwa kijiko cha mbao. Alimwomba Daktari Sigala kazi hiyo mwenyewe, na Daktari aliona ni wema. Haukuwa wema. Alikuja kutazama macho yao. Kila asubuhi aliingia akihofia kwamba mmoja wao ameshajua, na kila asubuhi walimpokea kwa tabasamu, akatoka na hofu ileile, imezidi uzito.

Alianza na Nkwimba. Mama huyu wa Kisukuma, mwenye miaka hamsini na sita, alifika Usangu zamani na mume na ng'ombe arobaini. Ng'ombe walikwisha, mume naye akafariki, akabaki na majaruba mawili ya mpunga ng'ambo ya mfereji mkubwa. Alimeza kijiko cha kwanza, akakunja uso, akaandika kwa herufi kubwakubwa:

UJI HAUNA SUKARI. MWAMBIE DAKTARI KINACHOUMA NI SIKIO SI ULIMI.

Atupele akajaribu kucheka bila sauti. Nkwimba akampapasa mkono, akaandika tena: MBONA UNAKONDA WEWE AMBAYE HUUMWI?

Kitanda cha pili alilala Yeremia Kiswaga, kijana wa miaka ishirini na sita. Kishikwambi chake hakikuwa na maandishi. Kilikuwa na picha ya mtoto wa miezi miwili, mdomo wazi, analia au anacheka, haijulikani. Yeremia aliitazama siku nzima kana kwamba akiikazia macho vya kutosha itatoa sauti.

Waliobaki watatu walikuwa dada wawili mapacha wa ukoo wa Mgaya na mchimba mifereji aitwaye Zabroni. Wote watano walikuwa wamekwenda palizi Jumatatu moja alfajiri, mapema kuliko kawaida, ili jua lisiwakute katikati ya kazi. Waliinama katika mpunga uliowafika kifuani. Na Atupele, kwenye kibanda chake chini ya mnara wa nne, aliona wingu dogo la kwelea kwelea, ndege walao mpunga, likishuka upande ule, akaweka kidole gumba kwenye sahani ya shaba, iliyotambua kidole chake peke yake, akabonyeza.

Mabaragumu yalikuwa manne, kila moja juu ya mnara wake, kwenye pembe nne za skimu. Ukiwa kando yake husikii kitu ila meno kutetema. Sauti yake haisambai. Huenda moja kwa moja kama mshale, na ndege aliyeko kwenye njia ya mshale huo hugeuka au huanguka. Siku hiyo sauti ilidumu sekunde nne. Ilipokwisha Atupele aliona watu watano wakisimama kutoka ndani ya mpunga, mmoja mmoja, kama waliofufuliwa, mikono kichwani na midomo wazi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anamsikia mwenzake anavyopiga kelele.

Mnara haukutakiwa kulia penye watu. Ulikuwa na kihisi kinachotambua joto la mwili, na kikimwona binadamu hupiga kengele na kuufunga mnara. Lakini mwaka ule yangeyange, wale ndege weupe wa majini, walikuwa wengi mno kwenye majaruba, wakitembea kwa mamia nyuma ya maji, na kihisi kiliwadhania watu. Kila walipokuja kwelea kengele ililia, mnara ukajifunga, ndege wakala wakashiba. Basi Atupele akakizima kihisi. Alikizima siku tisa kabla ya Jumatatu ile. Waliojua habari hiyo walikuwa wawili tu: yeye mwenyewe, na mwenyekiti wa skimu.

Alikuwa anamfuta Yeremia kidevu pazia lilipofunuka. Daktari Sigala alisimama pale na soksi zake za sufu, mwembamba, kipara kinang'aa. Alimwita kwa kidole kimoja tu. Uso wake ulimfanya Atupele aache kijiko ndani ya bakuli.

*

Walikwenda nyuma ya ghala, kwenye kivuli cha tangi la maji, na hata huko Daktari alinong'ona kwa mazoea.

"Umepata habari za kinamasini, Ihefu?"

"Sijapata."

Akampa simu yake. Picha ilipigwa na droni jana jioni. Atupele alidhani ni moshi. Matete ya kinamasi yalikuwa yameinama, na juu yake palikuwa na kitu cheusi kinachochemka, hakina mwanzo wala mwisho.

"Wanakadiria milioni nane," Daktari alisema. "Wamelala huko usiku mmoja, na chakula hakuna. Kesho asubuhi watakuwa hapa."

Atupele alimrudishia simu.

"Sasa nisikilize vizuri, dada yangu, kwa sababu watakuita na ni lazima uwe unajua. Zamani mtu akipigwa na kishindo namna ile tulimpa vidonge vya kutuliza uvimbe, tukamlaza kwenye oksijeni, tukamwombea. Wengine walipona, wengi hawakupona. Hawa nimewadunga sindano kupitia ngoma ya sikio kabla saa arobaini na nane hazijapita. Nimewapandia chembe hai. Zile chembe zinaota vinyweleo vidogo, vile vinavyonasa sauti. Ni kama miche kwenye kitalu. Siku ya tisa inakuwa imeshika mizizi. Leo ni ya sita."

"Na wakisikia sauti kabla?"

"Miche inalala. Na pale ilipolala panafanya kovu, hapapandiki tena. Mwisho wao ni desibeli thelathini, mtu anayenong'ona mbali kidogo. Mnara wako uko mita mia tano kutoka hapa. Mshale wenyewe haufiki, lakini mngurumo unashuka ardhini. Nimeupima kwa mnara wa pili, maana ile mitatu iko mbali, haitufikii. Ukilia wako, humo ndani itafika desibeli sitini."

"Tuwahamishe."

"Kwa gari gani lisilo na injini? Kwa machela? Barabara ina mashimo, na kila shimo ni nyundo kichwani. Nisingewagusa hata kwa kuwabeba mgongoni."

Mbali, upande wa skimu, mtu alikuwa anaita jina la Atupele.

*

Ofisi ya skimu ilijaa, lakini mwenyekiti, Bi Desderia Kalinga, aliwatoa wote akabaki na Atupele peke yake. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba mizigo, na watu walimheshimu kwa sababu hakuwahi kuchukua hata debe moja lisilo lake.

"Keti, mwanangu."

Atupele akaketi.

"Waelekezi wa minara mitatu wako tayari. Ndege wakizuiwa huko, watatafuta mlango, na mlango ni upande wako. Nataka kujua kama kesho kidole chako kitakuwepo."

"Mama Mwenyekiti, Daktari anasema..."

"Najua anachosema Daktari. Ameniambia kabla yako." Bi Desderia aliegemea meza. "Ekari elfu mbili. Mpunga bado una maziwa, hauwezi kuvunwa leo. Mwaka juzi walikula wakamaliza, unakumbuka? Wewe ulikuwa chuoni Mbeya. Mimi nilikuwa hapa. Nilizika watoto tisa wa skimu hii, wawili wa binti yangu. Hawakufa kwa njaa, alisema mganga wa wilaya, walikufa kwa kuhara. Mtoto aliyeshiba hafi kwa kuhara, Atupele."

"Sekunde ishirini zingetosha?" Atupele aliuliza, na sauti yake ilimtoka nyembamba. "Labda nikipiga kidogokidogo..."

"Zilizowapiga wale zilikuwa ngapi?"

"Nne."

"Basi usinidanganye, wala usijidanganye." Mwenyekiti alivuta kiti karibu. Alipoendelea alikuwa ameshusha sauti. "Kuna na lile jambo letu. Mafundi watakuja mwisho wa msimu kusoma kumbukumbu za minara. Msimu ukiwa mzuri, watu wakiwa wamevuna, hakuna atakayeuliza kihisi kilizimwa tarehe ngapi. Msimu ukiharibika watatafuta mtu. Uliponiambia, nilikwambia fanya unavyojua, mpunga usiliwe. Hayo ni maneno yangu, siyakani. Lakini mkono ulikuwa wako."

Hakukuwa na ukali katika sauti yake, na hilo ndilo lililomtisha Atupele zaidi. Alitazama mikono yake mwenyewe mapajani. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimelala pembeni peke yake, kama kitu kilichokatwa.

"Niruhusu niwaulize wenyewe," alisema.

"Waulize. Kisha uje unijibu."

*

Daktari Sigala alisimama mbele ya pazia akamzuia kwa mikono miwili.

"Hapana. Huwezi kumwambia mgonjwa achague kati ya sikio lake na chakula cha jirani yake. Huko siyo kuchagua. Utakuwa umemtwisha mzigo wako, basi."

"Nisipowauliza nitakuwa nimewaamulia mara ya pili."

"Mara ya pili? Ya kwanza ipi?"

Atupele aliinama akavuta soksi zake. Daktari alimtazama, na macho yake yakabadilika kidogo, kisha akashusha mikono.

Humo ndani alisimama katikati ya vitanda akaandika kwa uangalifu kwenye kishikwambi cha muuguzi, akayatuma maneno yaleyale kwenye vyao vyote. Aliwaeleza habari za Ihefu, mnara, mngurumo, siku tatu zilizobaki. Akamalizia: *Nifanye nini?*

Alitazama macho yao yakitembea juu ya mistari. Mapacha wa Mgaya walishikana mikono kupitia nafasi ya vitanda, mmoja akafumba macho na machozi yakaingia kwenye pamba za masikio. Zabroni alisoma mara mbili, akakifunika kishikwambi, akageukia ukutani. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake.

Nkwimba aliandika haraka. PIGA. MIMI NIMESHASIKIA MENGI DUNIANI NA MENGINE SIKUYAPENDA. WATOTO WAPATE KULA.

Yeremia aliandika polepole, akafuta, akaandika tena. Mwishowe akageuza kishikwambi upande wa Atupele. *Nilikuwa shambani siku anazaliwa. Nilikuwa palizi kila siku. Nikirudi amelala. Nilisema nitamsikiliza vizuri baada ya mavuno. Usipige. Nakuomba kama dada yangu, usipige.* Chini yake akaongeza: *Lakini mke wangu naye lazima ale ili amnyonyeshe. Sijui. Usiniulize.*

Atupele alishika tena kishikwambi cha muuguzi. Aliandika: *Ni mimi niliyezima kihisi.* Aliyatazama maneno hayo manne kabla ya kuyatuma. Nkwimba alikuwa anamtazama, akisubiri kuona anaandika nini. Atupele akayafuta, moja baada ya jingine kutoka nyuma, mpaka kioo kikabaki cheupe, akatoka nje.

*

Kwelea walifika kesho yake, saa mbili na nusu asubuhi.

Kwanza upepo ulionekana kusimama. Kisha mstari mwembamba ukatokea kusini, kama mtu amechora kwa mkaa juu ya upeo, ukanenepa, na jua likapungua. Sauti yake ilikuwa ya mvua kubwa inayokuja juu ya mabati, ila mvua haiji ikibadili umbo, ikijikunja na kujikunjua kama mnyama mmoja mwenye mwili wa vumbi. Watu waliokuwa wamejipanga kwenye matuta na madebe yao walianza kurudi nyuma bila kuambizana.

Kibandani, Atupele alikaa mbele ya sahani ya shaba. Bi Desderia alisimama nyuma yake, bado hajaletewa lile jibu. Kupitia redio waliwasikia waelekezi wengine: wa kwanza ameanza, wa pili ameanza, wa tatu naye. Wingu likapigwa kifuani. Lilipasuka, ndege wakaanguka kama mchanga uliomwagwa, na lile lililobaki, kubwa bado, likainama upande wa mashariki, likatafuta. Likapata.

"Wanakuja kwako," redio ilisema. "Nne, wanakuja kwako. Nne, unanisikia?"

"Atupele," alisema mwenyekiti.

Kidole kilikuwa juu ya sahani. Kati yake na shaba pangepita karatasi tu. Aliwaza mapacha walioshikana mikono. Aliwaza watoto tisa asiowajua majina. Akajaribu kuwaza kama mtu mwenye akili, kupima hawa na hawa, watano na maelfu, na hesabu ilikuwa wazi kabisa, mtoto wa darasa la pili angeipata. Lakini mbele ya macho yake mpunga ulikuwa unapasuka na watu wanasimama, midomo wazi, na alijua akibonyeza watasimama tena, na tena, maisha yake yote.

"Mwanangu, bonyeza."

Hakuweza. Baadaye watu walimuuliza, wengine kwa upole na wengine kwa matusi, kama aliwahurumia wagonjwa. Angependa kusema ndiyo. Ukweli ni kwamba hakujua kama ile ilikuwa huruma au woga. Vilikuwa vimekaa mahali pamoja kifuani na vilikuwa na uzito mmoja. Kidole kiligoma, basi.

Bi Desderia alimsukuma kando akabonyeza mwenyewe, kwa gumba, kwa kiganja, kwa ngumi. Mnara haukumtambua. Akashika mkono wa Atupele akauvuta kuelekea kwenye sahani. Mwenyekiti alikuwa na nguvu, na kwa muda walipigana mle kibandani kama watoto wanaogombania kitu, wakihema, bila neno. Atupele alikunja ngumi akaificha kwapani, akaanguka sakafuni, akajikunja juu yake.

Kisha ule mkono ukamwachia.

Mwenyekiti alikuwa amesimama dirishani. Ng'ambo ya mfereji mkubwa majaruba yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia na yalikuwa yanatembea. Watu walikimbilia huko na madebe, lakini kwenye daraja la mfereji alisimama Daktari Sigala, mikono imetanda, pekupeku, akiwazuia wasivuke na kelele zao kuelekea ghalani. Wengine walimtukana. Mmoja alimpiga kwa debe begani. Hakutoka. Basi walisimama upande wa huku wakapiga madebe, wakaokoa cha upande wa huku, na cha upande wa pili wakakitazama kikiliwa.

"Utawaeleza wewe," alisema Bi Desderia. Majaruba yake mwenyewe yalikuwa upande wa pili.

*

Ziliondoka ekari mia tatu na hamsini, za familia mia moja na kumi. Siku mbili zilizofuata Atupele hakutoka nyumbani ila kwenda Pumbani kwa njia ya nyuma. Alfajiri moja alikuta mtu amemwaga mapepe ya mpunga mlangoni kwake, maganda matupu, kikapu kizima. Aliyafagia. Kesho yake akakuta mengine.

Siku ya tisa Daktari, mkono mmoja ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, aliamuru pazia la kwanza lishushwe. Kisha la pili. La tatu alilishusha mwenyewe, na mwanga wa mchana uliingia mpaka kwenye vitanda. Ndugu waliruhusiwa kuingia na kukaa ukutani. Aliwatoa wagonjwa pamba, mmoja mmoja, akasimama nyuma ya vichwa vyao wasimwone.

Alianza na punje za mpunga, akizisugua kati ya vidole. Pacha wa kwanza aligeuka kabla hajamaliza. Wa pili naye. Zabroni aligeuka upande wa kulia tu. La kushoto lilikuwa limekufa, lakini alicheka, akashika lile zima kama anayehofia litaporwa. Yeremia hakugeukia punje. Atupele alisimama kwenye kona akiwa ameshika kingo za gauni lake. Daktari akagonga kijiko kwenye glasi, taratibu. Yeremia akainua kichwa. Wakati huohuo mtoto mikononi mwa mama yake akachoka kukaa kimya, akaanza kulia.

"Analia kama mbuzi," alisema Yeremia. Sauti yake ilikuwa ya kutu. "Mke wangu, mbona hukuniambia analia kama mbuzi?" Akampokea mtoto akamweka shingoni, mdomo wake mdogo kwenye sikio la baba.

"Semeni tu sasa," Daktari aliwaambia, na uso wake ulikuwa umelowa. "Semeni. Imekwisha."

Kisha akaenda nyuma ya Nkwimba. Alisugua punje. Akagonga glasi. Akagonga kwa nguvu zaidi, akagonga ukingo wa kitanda cha chuma, na wote chumbani wakaruka isipokuwa yeye. Nkwimba hakuwa anamtazama Daktari. Alikuwa anazitazama nyuso za wengine, na ndizo zilizomwambia. Akachukua kishikwambi akaandika: ACHA. NIMEONA.

"Siyo mngurumo," Daktari alimwambia Atupele kwa sauti ya chini. "Hakukuwa na mngurumo. Chembe zilikataa tu. Kwa watu kumi, mmoja au wawili hukataa, na sababu hatuijui."

Atupele alimtazama mama yule. Alisema piga. Majaruba yake mawili yalikuwa ng'ambo ya mfereji, yameliwa mpaka kwenye tope, na masikio hakuyapata. Hakuna kilichookolewa kwa ajili yake. Chumba kilijaa vicheko na vilio vya watu wanaozungumza wote kwa pamoja, na Nkwimba alikaa katikati yao, mikono mapajani, akitabasamu kwa adabu kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji.

Atupele alipiga magoti kando ya kitanda. Aliogopa kuliko alivyoogopa kibandani. Alichukua kishikwambi akaandika yote: yangeyange, kengele, siku tisa, sekunde nne, na maneno manne aliyoyafuta. Hakuandika samahani. Lilionekana neno dogo mno. Akamrudishia, akainamisha kichwa.

Nkwimba alisoma. Alirudia kusoma kutoka juu. Halafu Atupele akahisi kiganja kigumu cha mkulima kikimshika kisogo, kikamvuta karibu, mpaka mdomo wa mama yule ukawa karibu na shavu lake. Nkwimba alichungulia huku na huku kuhakikisha hakuna anayetazama, kama mtu anayetaka kutoa siri. Hakuwa ametumia sauti yake kwa siku tisa. Hakujua tena sauti ina ukubwa gani. Alidhani ananong'ona.

"KWA HIYO NI WEWE ULIYEZIMA KENGELE YA MNARA!" alisema, na sauti yake ikagonga mabati ya paa. "USIWAAMBIE HAWA, MWANANGU! WATAKUUA! TUTAYAMALIZA MIMI NA WEWE!"

Vicheko vilikatika. Pacha mmoja alibaki na mdomo wazi. Zabroni aligeuza sikio lake moja zima. Daktari Sigala aliweka glasi chini, taratibu sana, na kila mtu alisikia ilivyogusa meza.

Nkwimba aliona nyuso zile zote zimegeuka upande wao. Akazitazama, akamtazama Atupele, na ule mkono uliokuwa kisogoni akaufunika mdomo wake mwenyewe, kwa maana alikuwa ameanza kuelewa.

Mlango ulikuwa wazi na hakuna aliyeuziba. Atupele alisimama. Yeremia naye alikuwa amesimama, amemkumbatia mtoto kwa mkono mmoja, na alikuja mpaka mbele yake, karibu, kama wanavyosogea watu ambao bado hawayaamini masikio yao.

"Sema mwenyewe," alisema. "Nasikia sasa."